Hachirogata: ziwa lililokaushwa, na maji yaliyoachwa nje ya tuta

Katika kijiji cha Ogata, mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani, kuna kilima cha udongo kilichojengwa mwaka 1995 na kuitwa Ogata-Fuji. Kimo chake ni mita 3.776, yaani sehemu moja ya elfu ya Mlima Fuji wenye mita 3,776. Ukipanda ukasimama kileleni, nyayo zako ziko sawasawa na usawa wa bahari. Mashamba ya mpunga yanayokuzunguka pande zote yako chini ya hapo, na zamani yalikuwa sakafu ya ziwa.

Ziwa lenyewe ni Hachirogata. Kabla ya kukaushwa lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 220 hivi, la pili kwa ukubwa nchini humo baada ya Biwa. Lilikuwa pana bila kuwa na kina: penye kina kirefu kabisa hapakufika mita 5. Maji yake yalikuwa ya chumvichumvi, kwa sababu upande wa kusini liliungana na Bahari ya Japani kwa mkondo wa Funakoshi, na mito midogo ikaingia hasa kutoka mashariki. Japani iliyotoka vitani ilikuwa na njaa ya mchele, na ziwa lenye kina kifupi hivyo liliwavutia wapanga mipango kama shamba linalongoja kufunuliwa.

Kazi ilianza 1957 ikakamilika 1977, kwa gharama ya yeni bilioni 85 hivi. Zilipatikana hekta 17,239 za ardhi: hekta 15,666 ndani ya tuta kuu la kuzuia maji, na zilizobaki kwa vipande vipande kandokando ya ufuko wa zamani. Wengi wakieleza mradi huu husifia tuta na pampu. Uchambuzi huu unafuata maji, kwa kuwa taabu zilizodumu hadi leo zimejikusanya kwenye kile kipande cha ziwa ambacho wahandisi waliamua kukiacha.

Kipande kilichoachwa

Ramani ya Hachirogata ya leo inaonyesha kisiwa kikubwa cha mashamba, na maji yakikizunguka karibu pande zote. Kusini kuna bwawa la kilomita za mraba 27.7. Mashariki na magharibi kuna mifereji mipana inayopita kati ya tuta na nchi kavu ya zamani. Ukijumlisha yote unapata kilomita za mraba zisizozidi 48, sawa na karibu asilimia 22 ya ziwa la awali.

Maji hayo yamebebeshwa kazi tatu kwa mpigo. Yanapokea mito, ambayo haikuacha kutiririka eti kwa sababu ziwa limekaushwa. Yanahifadhi maji ya kumwagilia. Na yanapokea maji machafu yanayopampuliwa kutoka mashambani. Kazi ya kwanza husahaulika kirahisi kwenye miradi ya namna hii. Waholanzi walipokausha ziwa la Haarlemmermeer kati ya 1849 na 1852, mamlaka ya maji ya Rijnland ilipoteza mahali pa kuegesha maji ya mvua, ikabidi ijenge vituo vya pampu za mvuke Spaarndam, Halfweg na Gouda kufidia nafasi hiyo. Huko Hachirogata nafasi iliachwa tangu kwenye michoro, na huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Kitu kingine kilichofanywa kwa mpangilio mzuri ni lango la kuzuia bahari. Lilimalizika 1961 kwenye mkondo wa Funakoshi, kabla pampu ya kwanza haijawashwa. Mpangilio huu una maana. Ukikausha kwanza ukafunga bahari baadaye, mashamba yatakuwa tayari huku maji ya kuyamwagilia bado yana chumvi. Ukifunga bahari kwanza, mito hupata miaka kadhaa ya kuisukuma chumvi nje kupitia lango wakati mafundi wanaendelea na tuta.

Usawa wa maji umepangwa kwa majira: karibu nusu mita juu ya bahari nje ya msimu, na karibu mita 1 wakati wa umwagiliaji. Hiyo tofauti ya nusu mita ndiyo tangi la akiba. Nusu mita juu ya kilomita za mraba 48 ni mita za ujazo milioni 24. Zinasikika nyingi. Chukua sasa hekta 9,000 za mpunga kama mfano, zikinywa milimita 8 kwa siku kwa uvukizi na kupenya ardhini: hizo ni mita za ujazo 720,000 kila siku. Ongeza uvukizi wa ziwa lenyewe, milimita 4 kwa siku, uongeze nyingine 190,000 hivi. Mito ikikauka kabisa, tangi linaisha chini ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo majaruba yameshachukua maji ya kuchavanga, yaani kuvuruga udongo na maji kabla ya kupanda, yasiyopungua milimita 150, ambayo kwa eneo hilo ni mita za ujazo milioni 13.5, zaidi ya nusu ya akiba yote, na yanahitajika ndani ya wiki chache tu. Kinachookoa hesabu ni maji yanayorudi: yale yaliyotoka mashambani hupampuliwa juu, yakaingia bwawani, yakachukuliwa tena. Mzunguko huo tutaurudia, maana ndimo ilimo dosari kubwa ya mradi.

Tuta juu ya uji

Sakafu ya ziwa ni tope laini ambalo Wajapani huliita hedoro: mfinyanzi mwembamba uliotuama kwa maelfu ya miaka, uzito wa maji yake ukizidi uzito wa udongo mkavu, na mahali pengine unene wake ni makumi ya mita. Ukimwaga udongo wa tuta juu yake, tope hutoroka pembeni, likavimba mita kadhaa kutoka ulipomwaga, na tuta likazama. Unaongeza udongo, linazama zaidi. Hapo ndipo mipango ya awali ilipokwama.

Mwaka 1954 alifika Profesa Jansen wa Delft, Uholanzi, na njia iliyofuatwa kwenye sehemu laini ilikuwa hii. Kwanza meli za kuchimba hupita kwenye mstari wa tuta na kuondoa tope, zikiacha handaki chini ya maji. Pili, handaki linajazwa mchanga. Tatu, mwili wa tuta unajengwa juu ya mchanga huo kwa tabaka, na kila tabaka linaachwa likae, maji yaliyobanwa kwenye tope lililobaki chini yapate kutoka. Nne, pande zote mbili zinawekwa mabega mapana ya udongo, ambayo uzito wake unalikandamiza tope lisivimbe. Tuta kuu lote lina urefu wa kilomita 51.5. Pa kupoteza pesa kwa haraka ni hatua ya tatu. Tope likipandishiwa mzigo haraka kuliko linavyotoa maji, mteremko unakatika usiku mmoja na kazi ya miezi inateleza ziwani.

Mchanga ulitatua shida ya kuzama ukaleta nyingine mbili.

Ya kwanza ni maji kupenya chini. Ziwa likiwa mita 1 juu ya bahari na sakafu ya shamba ikiwa mita 4 chini yake, kuna mita 5 za msukumo kati ya nje na ndani. Kanuni ya zamani ya wahandisi kwa mchanga laini inataka njia ya maji chini ya kizuizi iwe na urefu usiopungua mara 15 ya tofauti hiyo, yaani mita 75. Ndiyo sababu tuta la namna hii likitazamwa kwa upande ni pana kupita kiasi ukilinganisha na kimo chake. Chini ya mguu wa ndani huchimbwa mtaro wa kukusanya maji yanayovuja, na mtaro huo ndio kipimo cha afya ya tuta. Maji yakitoka safi, hakuna neno. Yakianza kutoka na chembe za mchanga, zikajenga vichuguu vidogo kama vya mchwa mdomoni pa tundu, tuta linaliwa kwa ndani. Hapo tundu halizibwi. Ukiliziba maji yatatafuta mlango mwingine usiouona. Linazungushiwa viroba vya mchanga hadi maji yapande kimo cha kutosha kupunguza msukumo, kisha linawekewa kokoto za kuchuja.

Sehemu dhaifu zaidi ni pale bomba la umwagiliaji linapopita ndani ya tuta. Kwa kuwa mashamba yako chini, maji hushuka yenyewe bila pampu, jambo zuri kwa bili ya umeme. Lakini tuta linadidimia na bomba haliinami nalo. Pengo dogo linafunguka chini ya bomba, na maji hupenda kufuata kitu kilichonyooka. Mabamba ya chuma yaliyopigiliwa kukata njia hiyo ni ya lazima, na ukaguzi wake hauishi.

Shida ya pili ni tetemeko. Mchanga uliomwagwa ndani ya maji umekaa kwa ulegevu. Ukitikiswa, chembe zinataka kubanana, maji yaliyo katikati hayana pa kwenda, na kwa dakika chache mchanga unageuka uji. Tarehe 7 Mei 1964 ardhi ilitetemeka karibu na rasi ya Oga, na 16 Juni mwaka huohuo likaja tetemeko la Niigata. Tuta bichi likapata hasara mara zote mbili, pampu zikiwa tayari kazini. Kipigo kikubwa kilikuja 26 Mei 1983, kwa tetemeko la kipimo cha 7.7 baharini magharibi mwa Akita. Matuta yalipasuka kwa urefu, yakabonyea na kutanuka. Mei ndio mwezi ambao bwawa liko juu kwa ajili ya umwagiliaji. Tuta linapobonyea wakati huo, kinachohesabika ni sentimita zilizobaki kati ya kilele na maji. Viroba vya mchanga vikapangwa kwa haraka na usawa wa ziwa ukatazamwa kama jicho la mgonjwa. Mchanga uliolibeba tuta miaka ishirini ndio uliolilegeza.

Kutoa maji

Pampu ziliwashwa Novemba 1963. Ukikadiria kina cha wastani mita 3, ndani ya tuta mlikuwa na maji ya mita za ujazo milioni 470 hivi. Kwenye karatasi, pampu zenye uwezo wa mita za ujazo 60 kwa sekunde zingemaliza kwa siku 90. Kwa hali halisi, sakafu ilianza kuonekana 1964, kijiji cha Ogata kikatangazwa rasmi 1 Oktoba mwaka huo kikiwa na kaya 6 na watu 14, na ukaushaji ukakamilika 1966.

Tofauti hiyo haikutokana na uzembe. Maji yakishushwa haraka upande wa ndani, mwili wa tuta unabaki umeloa na mzito huku maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka, na mteremko wa ndani unaporomoka. Isitoshe, chini ya mita 1 ya mwisho hakuna tena ziwa. Kuna madimbwi mengi yasiyounganika, na pampu inakaa bila kazi hadi mifereji ya kuyaleta maji ichimbwe ndani ya tope lisilobeba mashine. Meli za kuchimba mifereji mikuu zinapaswa kufanya kazi mapema, zingali zinaelea.

Uwezo wa kudumu wa pampu haupangwi kwa ziwa la mwanzo, unapangwa kwa mvua. Mvua ya milimita 100 juu ya hekta 15,666 ni mita za ujazo milioni 15.7. Kuzitoa kwa siku 3 kunataka mita za ujazo 60 kwa sekunde. Kuinua mita 1 ya ujazo kwa sekunde hadi mita 5 kunahitaji kilowati 49 kwa nadharia, na kama 65 ukihesabu upotevu. Kwa hiyo ni takriban kilowati 3,900 zinazopaswa kuwa tayari muda wote, pamoja na jenereta za siku umeme unapokatika. Siku hiyo kwa kawaida ndiyo siku ya dhoruba.

Udongo usioiva

Ardhi iliyotoka majini si shamba bado. Mtu akikanyaga anazama hadi magotini, na trekta linazama hadi ekseli. Mpango wa Hachirogata ulikuwa wa kisasa kweli: kusia mbegu moja kwa moja kwa mashine kubwa na kuvuna kwa mashine kubwa, bila kitalu wala kupandikiza. Tope halikusoma mpango. Mashine zilikwama, mbegu zikaota kwa mabaka, na wakulima wakarudi kwenye kupandikiza miche.

Kuivisha udongo wa aina hii ni kuutoa maji taratibu hadi upasuke. Mitaro ya kwanza huwa mifupi ya kina. Ukichimba kina kirefu siku ya kwanza, kuta zinamiminika na mtaro unajifuta. Jua na mizizi vinanyonya maji, nyufa zinafunguka, mtaro unaongezwa kina, na nyufa zinashuka nao. Baadaye yanazikwa mabomba ya kutolea maji, na juu ya bomba handaki hujazwa makapi ya mpunga, ambayo yanapitisha maji, hayaozi upesi, na kila mkulima wa mpunga anayo bure. Udongo unaposinyaa uso wa shamba unashuka, na matokeo yake yanaonekana kwenye vitu visivyoshuka: daraja linabaki juu ya barabara kama ngazi, bomba linachungulia. Makazi ya kijiji yaliwekwa upande wa magharibi, kwenye mchanga mwingi, ili nyumba zipate pa kukanyaga.

Majaruba yalipimwa hekta 1.25 moja moja, karibu mita 90 kwa 140, ukubwa usiojulikana kwa mkulima wa kawaida wa Japani wa wakati huo. Walowezi 589 walichaguliwa kutoka pande zote za nchi, wakafunzwa mwaka mzima, na kundi la kwanza likalima 1968. Wakati huo nchi ilikuwa tayari na mchele kuliko ilivyoweza kula. Mwaka 1970 serikali ikaanza kupunguza kilimo cha mpunga na kusimamisha uandikishaji. Eneo la kila kaya likapandishwa baadaye kutoka hekta 10 hadi 15, kwa sharti la kuchanganya mpunga na mazao ya nchi kavu. Kulima ngano na soya kwenye mfinyanzi wa ziwa, chini ya bahari, ni kazi ya kuwakasirisha watu. Miaka ya 1970 baadhi ya waliopanda mpunga kupita kiwango waliamriwa kuukata ungali kijani, na ugomvi huo ulikigawa kijiji kwa miaka mingi.

Maji yanayojirudia

Sasa turudi kwenye mzunguko. Tone linashuka kutoka bwawani kwenda jaruba, linakaa juu ya mbolea, linatoka kwenye mtaro, linapampuliwa na kurudi bwawani. Msimu mkavu linaweza kupita shambani zaidi ya mara moja. Kila likipita linabeba fosforasi na naitrojeni, virutubisho vinavyolisha mwani, na likivukiza linaziacha. Sakafu ya ziwa la zamani nayo ina fosforasi yake, inayotoka na maji ya chini ya ardhi hata pasipo mbolea. Mlango wa kutoka ni mmoja, lango la Funakoshi, na wakati wa kiangazi hufungwa ili kutunza maji. Kwa maneno mengine, lango linafungwa wakati uleule ambao uchafu unahitaji kutoka.

Mwezi wa Mei ndio mbaya. Baada ya kuchavanga, mkulima hupunguza maji ili mashine ya kupandikiza ipite. Akitoa sentimita 3 tu, na wenzake wa hekta 9,000 wakafanya vivyo hivyo, ni mita za ujazo milioni 2.7 za maji ya rangi ya kahawa kwa wiki chache. Mfinyanzi wa Hachirogata ni laini mno, haukubali kutuama upesi, na fosforasi imeshikamana nao. Joto la Julai na Agosti likifika, uso wa maji unafunikwa na mwani wa kijani ambao Wajapani huuita aoko: unaonekana kama rangi iliyomwagika, unasukumwa na upepo kwenye ghuba ndogo, unaoza na kunuka. Kiwango cha uchafu kilichowekwa kwa ziwa hili, kwa kipimo cha oksijeni inayohitajika kikemikali, ni miligramu 3 kwa lita, na ziwa limekuwa likikipita kwa mbali. Desemba 2007 liliingizwa kwenye orodha ya maziwa yanayosimamiwa kwa sheria maalumu ya ubora wa maji.

Dawa zilizoonyesha tija ni za mkulima kuliko za mhandisi. Chavanga kwa maji machache, madongoa yakichungulia juu, ili kusiwe na cha kumwaga. Usipochavanga kabisa, bora zaidi. Zuia maji jarubani kwa siku kadhaa yatulie kabla ya kufungua. Weka mbolea ardhini kando ya mche, usiitawanye juu ya maji. Ziba mashimo ya panya na kaa kwenye kingo, jambo dogo linaloshinda mitambo mingi.

Jibu la kufungua lango ili bahari isafishe linatajwa kila mara, na kuna ushahidi unaowatia hamu wavuvi. Mwaka 1987 kimbunga kiliingiza maji ya bahari ndani ya bwawa. Miaka michache iliyofuata viumbe wadogo wa gamba waitwao shijimi, waliokuwa wametoweka tangu maji yapoteze chumvi, walifurika, wakavuliwa kwa wingi, kisha wakaisha tena chumvi ilipotoka. Mkulima anaangalia hesabu nyingine. Kwa mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya maji ya umwagiliaji, inayopimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, ikizidi desisimensi 2 kwa mita, na bahari ina kama 50. Ndoo moja ya bahari katika ndoo 25 inatosha kufikia kikomo, hata kabla ya kuhesabu chumvi iliyomo tayari kwenye maji na udongo. Maji ya chumvi ni mazito, yanatambaa chini kabisa ya bwawa, na midomo ya umwagiliaji iko kandokando ya tuta lote. Lango limebaki chini, na kila masika mashine za kuchavanga zinaingia majarubani.